Maji Chini ya Sebule

Lamineti ilifika Chamazi kwa kirikuu, maboksi yamefungwa kamba na kufunikwa turubai, dereva akipiga honi kuanzia kona ya msikiti ili watoto wafungue geti. Mume wangu alikuwa ameisaka Gerezani, Kariakoo, duka kwa duka, akilinganisha unene na bei: ya milimita 8 au ya 12, rangi ya mninga au ile ya kijivu wanayoipenda vijana. Akachukua ya milimita 8, rangi ya mninga. Baba yake, Mungu amrehemu, aliacha kabati la mninga Kilwa Kivinje, na kwa bei ya mbao hiyo siku hizi, mtu anayejenga kwa mshahara hawezi kuitandaza sebule nzima. Alitaka rangi ile ya kabati iwe chini ya miguu ya wajukuu ambao hawakumkuta babu yao.

Nyumba yetu haina tofauti na nyingi kutoka Mbagala Rangi Tatu kuelekea Mbande. Tulimwaga jamvi, tukapumzika. Tukapandisha kuta, tukapumzika. Tukapiga bati, tukahamia huku dari likiwa bado. Sebuleni palikuwa na saruji iliyopigwa niru, na karibu na mlango ilikuwa imeshachimbika, ikawa kila asubuhi anayefagia anatoa vumbi la sakafu yenyewe. Mimi nilitamani tailizi, yeye alitamani mbao. Nikasema sawa, kwa sababu mtu aliyebeba matofali ya nyumba yake kwa mikono yake ana haki ya kuchagua kitu kimoja kwa moyo.

Majirani waliokuja kuitazama waliipapasa kwa kiganja wakasema, "Mbao kabisa hii." Kinachoonekana pale juu ni picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi. Karatasi hiyo imevikwa ngozi ngumu ya melamini iliyotiwa chembe za alumini oksaidi, na hiyo ndiyo inayostahimili viatu na miguu ya viti. Unene wote uko chini ya picha: nyuzi za miti zilizosagwa laini, zikatiwa gundi, zikakandamizwa kwa joto mpaka zikawa ubao mzito. Kampuni ya Perstorp ya Uswidi ndiyo iliyoibuni mwaka 1977, ikaja kuiuza kwa jina la Pergo. Mwaka 1996 kampuni nyingine ya huko huko, Välinge, ikaleta kingo zinazobanana zenyewe bila gundi. Ubao unaingia kwenye mwenzake, unasikia "ka!", unaendelea na unaofuata. Kwa kingo hizo fundi mmoja anaweza kutandika sebule nzima kati ya asubuhi na alasiri.

Nyumba za Uswidi wakati wa baridi hupashwa moto, hewa ya ndani ikakauka. Sebule ya Chamazi mwezi Aprili ni jambo jingine. Nguo zinaanikwa ndani na hazikauki, chumvi inashikana kwenye kopo, droo za kabati zinakwama. Nyuzi zile za miti hunywa unyevu huo na kutanuka, kiangazi zikapungua kidogo. Ndiyo maana sakafu hii haibandikwi kwa gundi wala kupigiliwa misumari chini. Inalala tu juu ya sponji jembamba, inaelea, na pembezoni mwa kila ukuta inaachiwa nafasi ya milimita 8 hadi 10 ambayo sketingi huja kuificha. Maboksi nayo hukaa kwanza siku mbili hivi ndani ya chumba husika, yazoee hewa yake, kabla hayajafunguliwa. Haya tuliambiwa na fundi wa pili. Fundi wa kwanza, aliyeletwa na shemeji yangu, alifungua maboksi saa ile ile yaliposhushwa.

Miezi ya mwanzo adui wetu alikuwa mchanga. Ardhi ya Chamazi ni mchanga mtupu. Unaingia kwenye kandambili, kwenye soksi za shule, kwenye magurudumu ya baiskeli ya mtoto. Kwenye saruji mchanga ni uchafu wa kufagia, basi. Kwenye lamineti kila chembe iliyoshikwa chini ya mguu wa kochi ni msasa. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani, msichana mwepesi wa kuona vitu, ndiye aliyegundua kwamba fagio la chelewa linaukokota mchanga huo na kuacha mistari myembamba, inayoonekana jua la saa kumi linapoingia dirishani. Tukaliacha chelewa kwa ajili ya uani. Ndani tukanunua fagio la nyuzi laini, tukaweka kipangusio cha miguu nje ya mlango na kingine ndani, viatu vikaishia barazani. Dada alichukua mabaki ya zulia kuukuu, akayakata mviringo kwa mkasi, akayabandika chini ya kila mguu wa kiti na meza. Yakichakaa anabandika mengine. Hakuna aliyemfundisha.

Yalifuata maji. Ya kila siku tunayapata kwenye kisima kirefu cha jirani, na visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, kwa sababu bahari haiko mbali na kadiri pampu zinavyovuta maji matamu ya chini ndivyo ya chumvi yanavyosogea. Ukipangusa lamineti kwa maji hayo, yakikauka yanaacha ukungu mweupe. Ukiona ukungu unaongeza sabuni, sabuni nayo inaacha utando, vumbi linanasa kwenye utando, na haupiti muda sakafu imefifia, watu wanadhani imechakaa. Kuna wanaotia mafuta ya taa kwenye ndoo ya deki, jinsi wanavyozoea kwenye tailizi ili zing'ae na sisimizi wakimbie. Ngozi ya melamini hainywi mafuta. Yanabaki juu, na nyayo za watoto zinajichora kutoka mlangoni mpaka kwenye friji. Rangi za kopo za kung'arishia sakafu ni vivyo hivyo, na zinaongeza utelezi wa kumvunja mtu mzima nyonga.

Kilichotufaa ni hiki. Fagio laini kila siku. Deki mara moja moja tu, kwa maji ya mvua tuliyokinga kwenye pipa, na tone la sabuni ya maji au kifuniko cha siki ndani ya ndoo. Tambara likamuliwe mpaka libaki na ubichi tu, upanguse kufuata urefu wa mbao, na mwenzako akufuate nyuma na tambara kavu. Ukigeuka ukaona njia uliyopita bado inameremeta kwa maji, umezidisha. Mchuzi ukimwagika hausubiri mtu amalize kula. Wino wa peni hutoka kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Nta ya mshumaa, umeme unapokatika, igandishe kwa barafu kisha uibandue kwa ukingo wa plastiki, usitumie kisu. Jiki tuliiacha chooni, brashi ngumu tukaipeleka kwenye karo.

Ndipo mama mkwe alipokuja kufunga Ramadhani kwetu, mwaka 2024.

Ni mwanamke wa Kilwa Kivinje, mji wa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu aliyokulia ilikuwa ya chokaa. Aliyoolewa nayo ilikuwa ya saruji nyekundu, na wekundu ule aliutunza kwa rangi ya kopo na kumbi la nazi, amepiga magoti, kona hadi kona, hata mgeni akifika mlangoni anavua viatu bila kuambiwa. Alisomesha watoto kwa maandazi na vitumbua, na hakuna aliyewahi kusema nyumba yake ni chafu. Nayasema haya kabla ya mengine kwa sababu kilichotokea kilikuja kusimuliwa na baadhi ya ndugu kana kwamba mama wa shamba alikuja kuharibu kitu cha mjini. Simulizi hiyo siikubali mpaka leo.

Usafi wa Idi pwani hauna mjadala. Idi iliangukia tarehe 10 Aprili, na siku chache kabla yake, mimi nikiwa kazini na dada ametumwa Rangi Tatu kununua viungo, Mama aliianza sebule. Akatoa makochi barazani kwa msaada wa wajukuu, akakunja zulia, akashusha mapazia. Akalichukua chelewa kutoka uani. Akanyunyiza sabuni ya unga sakafu nzima, akamwaga ndoo, akapiga brashi. Povu lilipopanda akamwaga ndoo nyingine, akayasukuma maji kwa fagio la mpira kuelekea mlangoni. Kwenye saruji au tailizi hiyo ndiyo deki yenyewe, na mimi nimelelewa nayo: uchafu unaondoka na maji, hauzungushwi humo humo kwa tambara. Lakini yaliyotoka mlangoni siku ile yalikuwa kidogo. Mengine yalikuwa yameshapata njia ya karibu zaidi, kwenye viungio vya mbao.

Niliporudi jioni sebule ilinukia sabuni na udi. Mama ameketi kwenye mkeka anachambua mchele wa pilau, amechoka, uso umenawiri. Nikamshukuru, na nilimaanisha. Usiku wa kuamkia Idi binti yangu akadondosha hina. Nilipoipangusa ilitoka yote, isipokuwa uzi mmoja mwembamba mahali ambapo mbao mbili zinakutana. Hapo rangi ilikuwa imezama. Nikapitisha kidole. Ukingo umenyanyuka, unene wa kucha, na ukiubonyeza ni laini.

Ubao wa aina hii ukivimba haurudi. Mbao ya mti ikilowa ikakauka hujirudi kwa kiasi, lakini nyuzi zilizokandamizwa kiwandani zikishaachana kwa maji hakuna jua litakalozikandamiza tena. Baada ya Idi viungio vilianza kupanda kimoja baada ya kingine, kuanzia mlangoni. Ukitembea peku gizani unazihesabu mbao kwa nyayo. Kisha katikati ya sebule pakaota tumbo: sakafu imetanuka, imefika ukutani huku na huku, haina pa kwenda, ikapanda juu. Ukikanyaga inashuka na kulia, ukiondoa mguu inapanda tena.

Shemeji yangu alikuja Jumapili kula nasi, akaliona. "Mama, ulimwaga ndoo ngapi?"

"Sikuhesabu, mwanangu. Nilikuwa naosha nyumba ya ndugu yako."

"Lakini Mama, hii si saruji ya Kivinje."

Mume wangu hakusema kitu, na ukimya wake mezani pale ulikuwa mzito kuliko maneno ya mdogo wake. Dada naye akaulizwa kwa nini aliondoka nyumbani siku ile, kwa nini hakumwambia Bibi, kwa nini ndoo zilikuwa wazi. Msichana alisimama mlangoni pa jikoni ameshika sahani, hana la kujibu. Katika nyumba nyingi za mji huu kitu kikiharibika huulizwa kwanza nani aliosha, na anayeosha ni mwanamke, mara nyingi yule mwenye sauti ndogo kuliko wote ndani ya nyumba. Nani alitandika, na alitandika vipi, huulizwa baadaye au haliulizwi kabisa.

Tangu siku hiyo Mama hakushika fagio. Aliomba ruhusa kuosha kikombe chake mwenyewe. Mswala wake akauhamishia barazani, na wajukuu wakimwita ndani kutazama taarifa ya habari anasema anapunga upepo. Hilo liliniuma kuliko mbao. Nilimfuata nikamwambia, "Mama, sebule ni yako, ingia." Akanijibu, "Najua, mama. Acha kwanza muitengeneze."

Mvua za mwaka ule hazikuwa za kawaida. Maji yalizidi sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Rufiji ilifurika, watu wakahama na vyombo vyao, na mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza bungeni kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mafuriko na maafa ya mvua hizo. Kwetu Chamazi maji hayakuingia ndani. Yalisimama uani, yakazama, yakasimama tena. Mama alikuwa amepanga kurudi Kivinje mwanzoni mwa Mei. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua zake zikaikata barabara ya Kusini pale Somanga, mabasi yakakwama huku na huko. Kwa hiyo Mama alikuwepo fundi wa pili alipokuja.

Huyu ni mzee wa Yombo aliyejifunzia useremala Keko. Aliingia, akalitazama tumbo la katikati mara moja, akalipita. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kabati la televisheni.

"Hapa mnapiga deki?"

"Hapo hapajaguswa tangu kabati liwekwe," nikamwambia.

Tukalisogeza kabati. Akabandua sketingi kwa patasi, taratibu, akatuita tuone: mbao zimekatwa zikagusa ukuta, hata karatasi haipiti. Ile nafasi ya milimita 8 haikuwepo upande wowote. Ilipendeza macho kuliko nafasi iliyoachwa wazi, na sketingi ikawa pambo tu. Kisha akaanza kuinua mbao, safu kwa safu kutoka ukutani. Chini ya kabati, mahali ambapo ndoo ya Mama isingeweza kufika, tumbo la kila ubao lilikuwa jeusi kwa kuvu. Sponji limelowa. Alilibonyeza kwa kidole gumba, maji yakapanda yakakizunguka kidole. Kwenye kona mchwa walikuwa wameshajenga kanjia kao ka udongo, wanaufuata ubao laini.

Akaendelea mpaka mlangoni, kwenye eneo la ile deki. Huko nako palikuwa na maji. Akakata kipande cha sponji cha huku na kipande cha kule, akavinusa kimoja kimoja, akanipa na mimi. Cha mlangoni kilinukia sabuni ya unga, wiki zote zile baadaye. Cha ukutani kilinuka udongo.

"Maji ya mlangoni yametoka juu," akasema. "Haya ya kule yametoka chini, na hayakuanza Idi."

Akatueleza akiwa amechuchumaa. Jamvi letu lilimwagwa juu ya kifusi bila nailoni. Zege lisilo na nailoni chini yake huvuta unyevu wa ardhi na kuupandisha polepole, na lilipokuwa saruji tupu hatukuona kitu, kwa sababu unyevu ulifika juu ukaenda zake na hewa ya dirishani. Saruji ilikuwa inapumua. Tulipoifunika kwa sponji na lamineti, mvuke ule ukakosa pa kutokea, ukageuka maji chini ya mbao, na masika ya mwaka ule yalipoijaza ardhi ukaongezeka. Ilipaswa itandazwe kwanza nailoni nzito, unene wa milimita 0.2, vipande vipishane kwa sentimita 20 na kubandikwa kwa selotepu pana, kingo zake zipande kidogo ukutani. Fundi wa kwanza aliulizwa habari ya unyevu, mume wangu anakumbuka vizuri, akajibu kwamba jamvi ni la miaka, limeshakauka. Jibu hilo linafaa kwa zege jipya, ambalo mafundi huliachia mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene likauke. Unyevu wa ardhini haujali umri wa zege.

Mume wangu alipiga magoti akaweka kiganja juu ya saruji iliyolowa, akakaa hivyo kwa muda. Shemeji, ambaye ndiye aliyemleta fundi wa kwanza, alitoka barazani. Nilimwona kupitia dirishani akichutama mbele ya mama yake.

"Mama, unisamehe. Maji yalikuwepo chini muda wote."

"Nimekusamehe, mwanangu. Na yangu yapo, fundi kayanusa." Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaingia sebuleni kwa mara ya kwanza tangu mashitaka yale. Akazitazama mbao zilizolundikwa. "Haya, hizi nzima mnazianika wapi? Msiziweke juani, zitajipinda. Na yule binti mwiteni, mumwambie na yeye."

Dada akaitwa. Shemeji akamwambia. Alilia, jambo ambalo lilinionyesha alikuwa amelibeba kwa siku ngapi bila sisi kuuliza.

Kazi ya mchana ule ilikuwa ya watu wote. Mama na dada waliketi sakafuni wakichambua mbao, zile zenye kingo zilizovimba huku, zile kavu zenye ulimi mzima huku, kila moja wanaipapasa ukingo kwa dole gumba kabla ya kuiweka. Zilizopona zilipangwa kwa ulalo ndani, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite, na juu yake tukaweka mifuko ya mchele ziwe bapa. Zilizooza na zenye mchwa zilitolewa nje ya uwanja kabisa. Saruji ikaachwa wazi, madirisha wazi, feni usiku na mchana umeme ukiwepo.

Sebule ikapigwa tailizi. Fundi alisema zipo dawa za kupaka kwenye zege kuzuia unyevu, na zipo sakafu za plastiki zenye sura ya mbao zisizovimba kwa maji, lakini kwa ardhi yetu na kwa namna familia yetu inavyosafisha, tailizi zingetupa amani. Nadhani alisema kweli. Mwenye nyumba anayechagua sakafu anachagua pia kazi ya mwili wa mtu atakayeiosha kila siku, na mtu huyo anafaa aulizwe kabla ya kirikuu kuitwa. Kwetu hakuulizwa dada, wala mimi sikuulizwa kwa kina, na Mama angeulizwa angetuambia mapema kwamba chini ya nyumba hii kuna maji. Siku ya kwanza tu alipofika alilalamika mkeka wake unakuwa na ubaridi asubuhi.

Chumba cha nyuma tulikijenga baadaye, na jamvi lake lilipigwa nailoni. Fundi alilipima kabla ya kukubali. Kisha akatandika mbao zilizopona, akichomeka kabari ndogo kati ya ubao na ukuta ili nafasi ibaki sawa, akizichomoa mwishoni, na sketingi akaipigilia ukutani bila kugusa sakafu. Mbao chache zilizosalia ziko uvunguni, zimelala bapa, kwa ajili ya siku moja ikiharibika. Chumba hicho ni cha wageni, maana yake ni cha Mama. Rangi ya kabati la mninga iko chini ya kitanda chake.

Barabara ilipofunguliwa alikuwa amerudi Kivinje, na alipotutembelea tena akawa wa kwanza kuipangusa sakafu hiyo. Alilichovya tambara kwenye maji ya mvua, akalikamua kwa mikono ile iliyokanda unga wa maandazi maisha yote, akalikunjua, akalikamua tena, akaliinua juu na kusubiri lidondoke tone. Halikudondoka. Alipomaliza kupangusa akachukua kanga kuukuu, pamba iliyolainika kwa kufuliwa, akapita nayo mara ya mwisho akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Vitambaa vyetu vya dukani tukaviweka pembeni. Kanga inakausha vizuri zaidi na haiachi nyuzi. Kisha akapanda basi lake, na akipiga simu huwa anauliza kwanza watoto, kisha chumba.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alipenda sana lamineti ya chumba kile, akataka nimwelekeze duka. Nikamwelekeza. Nikamwambia pia, kabla hujatoa hela, chukua nailoni, mita moja kwa mita moja, ibandike kwenye saruji tupu kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite, uiache siku mbili au tatu. Fanya sebuleni, fanya na kila chumba. Akaona namchelewesha, lakini alifanya. Akanipigia asubuhi moja kabla sijatoka kwenda kazini: ya sebuleni imejaa matone upande wa ndani na saruji yake imekuwa nyeusi, ya vyumba vyote viwili ni kavu. Sebule akaiagizia tailizi, vyumba akavinunulia lamineti na nailoni yake, na akataka namba ya mzee wa Yombo.